Apdeti Imenyamazisha Duka la Mzee Ephantus

Jumatatu, 6 Agosti 2012
Bahati inanijua kwa jina. Langas nzima, nani mwingine alishinda kompyuta kwa bahati nasibu ya supermaketi? Mimi tu, Kimeli, fundi wa redio, darasa la sita na akili ya chuo kikuu. Nimeijaza nyimbo elfu tatu, na waifai yangu inazipitisha ukutani hadi laptopu ya jirani, Mzee Ephantus, zilie dukani kwake. Leo kompyuta imeuliza kama inaweza kuweka apdeti. Nimekubali. Kitu kipya hakikataliwi.

Jumanne, 7 Agosti
Duka kimya. Mzee amekuja kuuliza kama stima imempotea yeye peke yake. Nimemwambia apdeti lazima ipumue kwanza. Ameniangalia kama mtu anayepimiwa sukari kwa mizani mbovu.
Shida ni Jumamosi. Wageni wa Moi's Bridge wanaleta mahari ya binti yake, Kabura. Mzee anataka jambo moja tu: wakiingia, wapokewe na sauti ya mama yake msichana. Marehemu Wamucii alikuwa wa kwaya. Nyumba yao ilichomwa kwenye vita vya uchaguzi, mwanzo wa 2008, na baridi ya hema kambini ikammaliza. Katoni ya kanda zake niliificha Sugoi, kwa ghala la mamangu. Nikazirekodi kwa kompyuta, halafu panya wakakula kanda. Sauti ya huyo mama iko mahali pamoja duniani. Kwangu.

Jumatano, 8 Agosti
Kabura amefika kutoka chuoni Kesses na swali la kisomi: si niweke tu kwa flash? Nimemweleza polepole kwamba mwaka jana, kuzuia virusi, nilijaza gundi kwa mashimo yote ya flash. Hakucheka. Mke wangu Leonida amecheka kwa niaba yake.
"Baba Sharon, hiyo gundi ungeanza na mdomo."

Ijumaa, 10 Agosti
Nimepandisha waifai juu ya paa, ndani ya sufuria, ipate nguvu. Laptopu ya Mzee sasa inaona printa ya mtu nisiyemjua. Nyimbo zangu haizioni. Leonida amedai sufuria yake, ni ya ugali.
Mzee ameleta chai kwa thermos, akaketi. Nilingoja matusi. Amesema tu, "Hata ikikataa, kijana yangu, ni wewe ulitukatia ile fensi."
Ile Januari ya 2008 nilikata waya wa fensi kati yetu, wakapita watatu na katoni yao, wakalala siku mbili chini ya kitanda chetu. Hilo pengo hatukuwahi kuziba. Siku hizi ni barabara ya kuku.
Nimelitazama mpaka chai ikapoa. Halafu nikakumbuka nina waya wa spika, mita thelathini.

Jumamosi, 11 Agosti
Waya umepita wapi? Pale pale walipopita wao. Wageni wakaingia, na Wamucii akaimba. Mzee akavua kofia. Kabura alinishika mkono akasahau kuuachilia. Mjomba wa bwana harusi akauliza mama mwenye sauti tamu yuko wapi, wamsalimie. Mzee akamjibu, "Ndiye huyo, ametangulia kuwakaribisha."
Mbuzi wa mahari alitafuna waya kwenye wimbo wa nne. Si neno. Tatu zilitosha. Mungu anipe nini tena?

Jumapili, 12 Agosti
Nimetoa shukrani kanisani, nikarudi nikakuta mbavu za mbuzi kutoka kwa Mzee. Kompyuta nayo inauliza: apdeti nyingine? Leonida amesema, "Baba Sharon, usiguse."
Nimegusa. Sasa hata spika haitambui.
Na kwa vile hapa nasoma peke yangu: sijawahi kushinda bahati nasibu yoyote. Kompyuta alininunulia Mzee Ephantus, mwaka aliorudi kutoka kambini.