Mahakama Ilipokuwa Ua wa Kuku

Jumatatu, 6 Mei
Shindano la insha la wilaya: eleza asili ya maneno "nyumba ya korti". Mshindi atasoma yake Jumamosi kwenye ngazi za mahakama, mbele ya bendi ya zimamoto. Mimi, ninayetetemeka hata kuagiza soda! Lakini nafasi hiyo naitaka kuliko chakula. Kamusi kuukuu ya maktaba inasema korti, yaani "court" ya Kiingereza, hapo kale ilikuwa ua tu wenye uzio. Kuku walikuwamo! Baadaye wafalme wakaamulia kesi uani, nyumba ikafuata. Hakuna mwingine anayejua.

Jumanne, 7 Mei
Ludelle Pruitt wa darasani ameuliza naandika nini. Kwa nini? Nikasema sijui. Akacheka: eti wewe Ansel, uso wako unapiga kelele kuliko mdomo. Mpelelezi! Nimeificha kamusi palepale maktaba, ndani ya sanduku la vitabu vya mapishi, chini kabisa.

Jumatano, 8 Mei
Nimepeleka insha. Mkutubi amenitabasamia mno. Yuko upande wa Ludelle?

Alhamisi, 9 Mei
Balaa. Sanduku lile lilikuwa la mauzo ya vitabu chakavu! Kina mama wa kanisa wameshajaza mifuko. Jioni jaji mstaafu Hargis, msimamizi wa shindano, akapiga simu. Nimeongoza, ila hao kuku wamemtia shaka. "Kijana, kortini ni ushahidi. Lete kitabu kesho saa kumi, la sivyo asome wa pili."
Wa pili ni Ludelle. Nilijua!

Ijumaa, 10 Mei
Nimepekua mifuko katika majiko ya kina mama watatu. Nimeambulia pai mbili za pichi. Saa kumi kasorobo, mlangoni kwa jaji, Ludelle na kamusi kwapani! Alikuwa ameinunua. Akasema aliniona nikiificha, akajua ikipotea nitalia. Eti niishike upesi kabla hajabadili mawazo.
Jaji amesoma, amecheka. Nimeshinda. Lakini nani hutoa bure?

Jumamosi, 11 Mei
Usiku kucha nimewaza, nikaung'amua mtego: Ludelle anataka nipande ngazi, magoti yagongane, wilaya nzima icheke. Sidanganyiki! Nikajishika koo, nikanong'ona sauti imekauka, nikamtupia karatasi asome yeye.
Akasoma. Watu wakacheka kwenye kuku, wakasimama wakapiga makofi. Gazeti likampiga picha.
Si nilisema? Tangu mwanzo msichana huyu alikuwa akiinyemelea nafasi yangu.