Miguu ya Junu

Habari ilianzia kwenye simu ya Hakimu. Jina tu hilo, maana hajawahi kuhukumu hata kuku. Alibeba mafaili mahakamani mpaka akastaafu, na alichoondoka nacho ni ile sauti ya kusomea hukumu. Akajiweka sawa kwenye benchi la chai la Sahuni, pale kona ya Chabahil, kando ya barabara ambayo wakubwa wanaifukua kila mwaka kama vile bibi zao walizika dhahabu humo.

"Kimya, nisome. Kata imetoa mwongozo. Yaya anayelala nyumbani kwa mwajiri alipwe si chini ya kima cha chini, apewe chumba chenye mlango, apumzike siku moja kila wiki, na sikukuu ya Dashain aende kwao na mshahara wa mwezi mmoja juu."

Mzee Dambar akaweka glasi chini, chai ikamwagika.

"Kata ipi? Hii hii iliyoshindwa kuzoa takataka mbele ya hekalu? Sasa wamemaliza kula barabara, wanaingia jikoni kwangu."

"Wewe unawashwa nini?" Lahure akauliza. Huyu alitumikia jeshi la ng'ambo, akarudi na pensheni na meno ya bandia, na vyote viwili anavionyesha. "Au Junu kaanza kusoma magazeti?"

Dambar akajifuta chai gotini. Kilichomwasha kilikuwa neno la asubuhi ile. Junu, huku akimlisha mtoto uji, alimwambia bila kupandisha sauti kwamba kuna nyumba kule Baluwatar inamtaka, na leo leo lazima awape jibu. Dambar alijifanya hasikii. Lakini mtoto ni mjukuu wake, Suyog, ana miaka miwili, na wazazi wake wako Ureno wanachuma matunda ya watu. Mke wa Dambar alishatangulia mbele ya haki. Junu akiondoka, ndani ya nyumba ile watabaki watu wawili, na hakuna kati yao anayejua kupika wali.

"Anataka kuhama," akasema mwishowe, akitazama mitaro. "Wa Baluwatar wamemtongoza."

"Wamemtongoza kwa lipi?" Sahuni akauliza huku akikoroga maziwa. Mwanamke huyu huuza chai na ukweli, na chai ndiyo anayotia sukari.

"Kwa hela. Wana hela, wezi wale. Huyo bwana wa nyumba si yupo wizarani? Hela yetu ya kodi ndiyo inatunyang'anya yaya."

"Basi muongeze na wewe."

"Nimuongeze, kwani ni kibarua? Junu kwangu si kibarua, Sahuni. Junu ni binti wa nyumba. Ninachokula anakula."

"Anakula ukishamaliza wewe. Analala wapi?"

"Chumba cha mtoto."

"Na mtoto akilia usiku wa manane, anaamka nani?"

Dambar akakuna shingo. "Mimi nalala fofofo."

Benchi likacheka, hata dereva wa teksi aliyekuwa akipita akacheka bila kujua kisa.

"Na siku ya mapumziko?" Lahure akadakia. "Maana hata sisi jeshini, tuliofundishwa kufa, tulikuwa na siku ya kufua soksi."

"Apumzike aende wapi? Na siku hiyo Suyog naye apumzike kula?"

"Wewe si upo?"

"Mimi ni mwanamume mjane, Lahure."

"Ujane haujakukata mikono, mzee mwenzangu."

"Halafu msiseme simpi kitu," Dambar akajitetea. "Dashain iliyopita nilimpa sari ya hariri."

Sahuni akaacha kukoroga. "Ile ya kijani? Ya marehemu?"

"Ilikuwa inakaa bure."

"Marehemu angempa na Jumamosi yake ya kupumzika," Sahuni akasema, sauti imeshuka. "Yeye ndiye aliyemleta yule mwanamke mjini, na alikuwa anamwekea chakula kwanza."

Hapo benchi zima likapata kazi ya kupuliza chai. Dambar akavuta kofia mpaka kwenye nyusi. Hilo hakuwa na serikali ya kulibebesha.

Hakimu akakohoa, akarudisha mambo mahakamani. "Haya. Mshitakiwa anadai Junu ni binti. Nauliza swali moja tu. Kwetu sisi Wachhetri, binti anamwinamia baba?"

"Hapana. Baba ndiye anayemwinamia binti. Hata mtoto mdogo anajua."

"Anainama vipi?"

"Anavua kofia, anaweka paji la uso miguuni pa binti, anamtia chochote mkononi. Unanifundisha mila yangu?"

"Dashain nimekuona ukimwinamia binti yako Sabitri mpaka watu wakasema huyu mzee amesinzia. Junu umemwinamia lini?"

Dambar akainua glasi yake, haina chai.

"Ukipenda boga, penda na ua lake," Lahure akasema, anafurahi mpaka meno yanacheza. "Akiwa binti, mwinamie. Akiwa yaya, mlipe. Huwezi kumfanya binti siku ya mshahara na yaya siku ya vyombo."

Dambar akapiga hesabu zake kimyakimya. Mshahara unatoka kila mwezi, mlango unataka fundi, Dashain inataka mwezi mzima. Kuinama ni bure. Tena kuna baraka.

Ndipo Junu akatokea ng'ambo ya mtaro, Suyog kiunoni, simu mkononi.

"Baba, wa Baluwatar wamepiga tena. Nimewaambia nisubirini, niongee na baba kwanza."

Dambar akasimama. Akavua kofia, akamkabidhi Hakimu. Kabla Junu hajarudi nyuma, mzee alishashuka, paji la uso juu ya kandambili zake, kipara kikiwaka jua. Suyog akakipigapiga kama ngoma.

"Haya," sauti ikatoka chini. "Mashahidi wameona. Wewe ni binti yangu. Waambie huna nafasi."

Wakangoja ainuke. Hakuinuka.

"Baba?"

"Mgongo umegoma," Dambar akasema, bado kachungulia vidole vya Junu. "Barabara hizi mbovu ndizo zimeniua mgongo."

Junu akampa Sahuni mtoto, akamshika mzee makwapani, akamnyanyua kidogo kidogo mpaka akamketisha. Akamfuta vumbi la paji kwa ncha ya shali yake.

"Nimepokea, Baba. Binti nimekubali. Ila yule yaya naye kausoma mwongozo wa kata, anataka mlango, Jumamosi, Dashain kwao, na mshahara kama wa Baluwatar. Na mapatano yetu yalikuwa ya mtoto mmoja. Huyu wa pili wa kuinuliwa hatukumzungumza."

Lahure akashika meno yasidondoke.

"Tutaongea nyumbani," Dambar akanong'ona. "Hawa wana masikio."

"Ndiyo maana naongelea hapa."

"Sema taratibu, mwanangu," Sahuni akamwambia Junu. "Mgongo ule leo haukimbii."

Dambar akawatazama mmoja mmoja, akitafuta wa kumlaumu. Kata ilikuwa mbali. Akamtazama Suyog, aliyekuwa anamnyooshea Junu mikono, si yeye.

"Fundi wa mlango aje kesho," akasema. "Na hayo mengine. Yote. Hata huo mshahara wa wezi."

Junu akampokea mtoto kwa mkono mmoja, kwa mwingine akapiga simu.

"Namaste, mama. Mnisamehe, nimeshapata kazi," akasema. "Kwa baba yangu."