Gari Nyeusi Juu ya Shimo

Siku ya kwanza, 9 juni 2025

Gari imefika! Nyeusi, milango ine, ya Bajerumani, biti ya ngozi rangi ya chai ya maziwa. Ilifika nyuma ya kamyo, ikivutwa na kamba, lakini ilifika na heshima. Batoto ya avenue nzima balikimbia nyuma yake. Mshale ya mwendo inaandika mpaka 260. Toka nizaliwe sijaona mutu mwenye amefika 260.

Mwenye kuniuzia ni kadere ya mine, mukubwa ya kampuni ya kuchimba mawe, anarudi kwabo Ulaya. Aliniapia ati moteri imechoka kidogo tu. Kuchoka si kufa. Hata mi ninachoka, njo maana niko konji ya kupumzika.

Kuko kitu kimoja. Adolphine, bibi yangu, amerudi kwabo Fungurume pamoja na batoto. Sababu ni konjelateri, friji ya kugandisha. Ndiyo, niliuza konjelateri yake ya samaki ili nimalizie bei ya gari. Nilikuwa na mpango ya kumwambia. Yeye alikuta tu nafasi yake karibu na ukuta, vumbi ya mraba. Hakupiga kelele. Alikunja bitenge mu sakoshi, akaenda. Ingekuwa heri apige kelele.

Mpango yangu: wiki hii moteri ipone. Siku ya Mungu, jumapili, nisimame mbele ya mulango ya bukwe, kwa bazazi ya Adolphine kule Fungurume. Kioo ishuke polepole. Adolphine aone, alie, aingie. Shemeki Stany, kaka yake, mwenye kujivunia pick-up ya kazi, afe na wivu!

Leo nilikaa ndani ya gari mpaka jua ikazama. Makelele ya inje haiingie hata kidogo. Nilishika usukani, nikafika Fungurume mara mbili.

Siku ya pili, 10 juni

Fundi Bilali amekuja. Mutu ya maneno kidogo. Alifungua boneti, akaangalia, akasema Inna lillahi. Nilimuuliza kama ni mubaya. Akajibu: tata Omer, hapa kazi ni ya kuzika. Moteri imepasuka ubavu, mukono inapita.

Lakini anajua moteri ingine. Nzima kabisa, ya mazutu, dizeli. Ya minibus.

Ya minibus! Ndani ya gari ya 260! Nilifunga mulango polepole ili gari isisikie. Nilikataa, nikakataa tena. Bilali akasema moteri ni moteri, hata ile ya minibus itanifikisha Fungurume. Neno hiyo Fungurume ikanimaliza.

Sasa, ili kufungua bitu ya chini, lazima fundi asimame chini ya gari, na Bilali hana shimo ya kufanyia kazi. Mutaka cha mvunguni sharti ainame, alisema. Basi tumeamua kuchimba mu kiwanja yangu. Urefu ya gari, mita moja na nusu kwenda chini. Shimo ya fundi. Nani anaweza kufikiri mubaya?

Siku ya tatu, 11 juni

Nilisahau kama niko Kolwezi, kwenye kila mutu anatafuta kobalti chini ya nyumba yake. Kuchimba shimo mu kiwanja, mu Kolwezi, mchana kweupe, halafu kuweka gari nyeusi juu yake kama kifuniko!

Shimo haijafika magoti, kichwa ya jirani Mulumba ilikuwa tayari juu ya ukuta. Mulumba ni mwalimu ya zamani, alinifundisha darasa ya tano. Aliuliza tunatafuta nini. Nilimwambia ukweli. Alicheka mpaka akakohoa. Ati amefundisha miaka makumi tatu, hawezi kudanganywa na mutoto mwenye alimuona na kaputula. Mchana akaanza kuchimba kwake, karibu kabisa na ukuta. Choo, alisema. Choo! Yeye iko na mbili tayari!

Jioni akafika tata Kabamba, mwenye kununua mawe ya kobalti kwa bachimbaji. Hakuangalia gari hata mara moja. Iliniuma. Aliokota jiwe mu udongo yetu, akaitemea mate, akaipanguza na kidole. Kisha akasema: kama nikimuachia shimo, ataniletea moteri. Si ya minibus. Ya kweli, ya gari hii hii, toka Lubumbashi.

Mawe! Nilimwambia kobalti iko mingi sana, mpaka marehemu tata yangu alikuwa anaisemea. Tata yangu alikuwa anasemea mpira tu. Mungu anisamehe.

Siku ya ine, 12 juni

Kabamba amebeba mifuko tatu ya udongo yangu kupimisha na mashine. Bilali amekasirika. Anasema yeye ni fundi, haiko muchimbaji, na shimo haiwezi kuwa na bwana mbili. Nilimutuliza na soda.

Nimepigia Adolphine mara tisa. Ya tisa alishika. Akasema batoto bako muzuri. Nikamwambia ajitayarishe kwa siku ya Mungu. Akauliza kama konjelateri imerudi. Nikasema kuko kitu kizuri kupita konjelateri. Akakata simu. Lakini alishika! Mwanamuke mwenye amekuchoka hashike.

Ukuta ya Mulumba imeanza kuinama upande yangu. Yeye anasema ni shimo yangu. Mi nasema ni choo yake. Bilali anataka tuondoe gari pale juu, udongo haina nguvu. Nimekataa. Gari ikitoka, hakuna siri tena, Kabamba ataona shimo ni shimo tu. Tena bachimbaji bawili bamepita mbele ya mulango mara tano, na wa pili alikuwa na kamba. Nitalinda mwenyewe.

Siku ya posho, jumamosi, 14 juni

Leo nilikufa.

Nimelinda shimo usiku mbili bila kulala. Asubuhi sandali moja ilinitoka pembeni ya shimo, nikaiacha pale. Nikaingia mu kiti ya nyuma kunyoosha mugongo dakika tano tu, nikafunga milango. Bioo ni nyeusi kabisa. Ngozi ilikuwa baridi, inanukia muzuri. Nikajikuta mu barabara ya Fungurume. Gari inatembea, kimya, inateleza. Nilisikia kabisa namna inaenda. Ikatikisika kidogo, ikasimama. Nikajiambia: njo hii 260.

Kumbe! Kile kilipita inje nimekijua nyuma. Ukuta ya Mulumba ilianguka, matofali ikajaza shimo chini ya gari. Batu bakakimbia, bakaona sandali moja, bakaita jina yangu. Mi sisikii kitu. Bakasukuma gari pembeni, na mi ndani yake, bakaanza kufukua! Mulumba alichimba na mikono mitupu, mutu ya miaka makumi saba, analia ati nilikuwa mwanafunzi yake ya akili kupita bote. Uongo! Alinirudisha darasa mara mbili! Bibi ya Mulumba akapigia simu Fungurume.

Mi niliamshwa na kandambili. Mutu alikuwa anachapa gari nayo. Nikafungua jicho moja. Uso ya Adolphine ilikuwa kwenye kioo, karibu kabisa na yangu, machozi tupu, na hanioni. Bioo ya ajabu kweli. Kelele yake ilikuwa inaingia kidogo kidogo, sawa redio ya jirani. Alikuwa anatukana gari. Anaiambia ati konjelateri angetafuta ingine, lakini Omer ingine angemupata wapi.

Nililia. Peke yangu, juu ya ngozi rangi ya chai ya maziwa, nililia sana. Sikujua kama mutu anaweza kunililia vile.

Nikataka kushuka. Milango ya nyuma haifungukake toka ndani, ni mambo ya kulinda batoto. Nikagonga kioo. Adolphine akapiga yowe! Batu bote bakatawanyika. Shemeki Stany, mwenye alibaleta mbio na pick-up, mwanaume mukubwa vile, akaruka akaangukia mu shimo. Bilali peke yake alibakia. Alisoma dua kwanza, kisha akafungua.

Adolphine alinikumbatia. Kisha akanichapa na kandambili ile ile. Kisha akanikumbatia tena, na hakuniachilia mpaka batu bakaona haya.

Siku ya Mungu, 15 juni

Adolphine iko jikoni anapika bukari, ugali yetu. Batoto bamelala kwa bitanda yabo. Jana jioni mi na Mulumba tulifunika shimo pamoja. Kabamba amerudisha ile mifuko tatu ya udongo. Mashine imesema sufuri. Amesema hata bukari iko na kobalti kupita udongo yangu. Basi moteri ya Lubumbashi, kwaheri.

Adolphine ametoa sheria. Gari iuzwe. Konjelateri irudi. Nisimudanganye tena. Nimeapa na mukono juu ya Biblia, Stany akishuhudia, udongo ingali mu masikio yake. Na niliapa na moyo yote. Kesho Bilali anakuja kuibeba, auze piesi kwa piesi, spea moja moja.

Nimeenda kuiaga. Nimekaa mbele kidogo, mikono juu ya usukani. Kimya ile. Harufu ile. Na nimeanza kuwaza.

Bibi yangu alikuwa Fungurume, amekasirika. Leo iko hapa, anapika. Nani amemurudisha? Si mi, mi nilikuwa nalala. Si Stany, yeye alikuwa shofere tu. Ni hii gari! Bila moteri, bila batri, imesimama mu kiwanja, imenirudishia bibi na batoto bote toka Fungurume kwa masaa mbili.

Sasa ikipata moteri?

Nimetumia Bilali ujumbe asikuje kesho. Aulizie kwanza kama ile ya minibus ingali. Adolphine ananiita chakula iko tayari. Nimemujibu ninakuja, ningali ninaaga.