Nyumba Hii Haitaki Wanga

Jumatatu, 7 Juni 2004

Koti halifungi! Nimelijaribu mara tatu, mara ya tatu nimebana pumzi hadi masikio yakazibuka. Vifungo na matundu yake vinatazamana kwa mbali kama ndugu waliogombania mpaka wa kihamba, shamba la urithi.

Ni lile koti la buluu la bendi ya matarumbeta ya usharika wetu hapa Machame. Lilishonwa mwaka 1974. Nilikuwa na miaka ishirini na saba na kiuno cha nyigu. Tarehe 27 mwezi huu bendi inatimiza miaka thelathini, na sisi waasisi tutapiga mbele ya usharika mzima, ndani ya makoti yaleyale. Asiyeingia kwenye koti lake ataketi na wageni.

Wazo la makoti limeletwa na jirani yangu Gidioni. Kwa nini? Kwa sababu lake linafunga! Jana kapita nalo mbele ya nyumba yangu, kalifunga hadi shingoni, akidai anamtafuta kuku wake. Gidioni hafugi kuku.

Jumanne, 8 Juni

Nimeokoka! Binti yetu Victoria, yuko Dar, amenitumia kwa basi kopi ya ukurasa wa gazeti. Mtu anaacha vyakula vya wanga, yaani ugali, wali, mkate, ndizi na sukari. Badala yake anakula nyama, siagi, mayai na mafuta. Mwili ukikosa wanga unaanza kuunguza mafuta yake wenyewe. Unakula mafuta, unapungua! Na sisi tulikwenda shule kufundishwa nini?

Wanaonya usiache ghafla. Wiki ya kwanza sukari. Ya pili mkate na ugali. Ya tatu wali. Ya nne ndizi. Wiki nne sina. Nimekata shauri: wiki yao moja ni siku zangu mbili.

Mbege, pombe yetu ya ndizi, haikutajwa. Nimesoma ukurasa mara nne, mbele na nyuma. Haikutajwa.

Alhamisi, 10 Juni

Siku ya tatu bila sukari. Chai ina ladha ya sufuria. Mke wangu, Mama Calvin, amecheka sana, kisha akaweka vijiko viwili vya sukari kwenye kikombe chake na kukoroga taratibu, akinitazama. Huyo ndiye Aikaeli niliyemuoa.

Ili asinijaribu tena nimeandika tangazo kwa mkaa kwenye mlango wa jiko, herufi kubwa: NYUMBA HII HAITAKI WANGA. WANGA WOTE NJE!

Jumamosi, 12 Juni

Balaa. Mektrida, mke wa Gidioni, alikuja asubuhi kuomba kaa la moto. Akasoma mlango. Akageuka, akaondoka bila kaa na bila kwaheri.

Saa nane Gidioni huyo hapa. Anataka kujua tangu lini mke wake, mzee wa kanisa, amekuwa mchawi. Nikamwambia sikusema wanga wa kuroga, nimesema wanga ulioko ndani ya ndizi. Sauti ikampanda.

"Kwa hiyo mke wangu anaingia kwenye ndizi zako?"

Nikaenda kuleta karatasi ya Victoria. Niliporudi alikuwa amekwishafika kwake, na nikasikia tarumbeta lake. Anapiga noti za juu kabisa, zile nisizozifikia mimi. Kwa makusudi.

Jumatatu, 14 Juni

Leo ndizi. Nilijua itakuwa ngumu, sikujua itakuwa msiba. Ndizi ndizo zilizonilea! Mtori wa mgonjwa, machalari ya Krismasi, kiburu cha shambani. Na kitawa cha mama yangu, ndizi na maziwa, akikichochea kwa mwiko mrefu huku moshi ukimtoa machozi, akisema ni moshi tu hata siku ambazo kuni zilikuwa kavu. Sisi watoto saba kuzunguka chungu kimoja. Baridi ya Juni kama hii. Nimetembea kihambani na mikungu ikanitazama kama jamaa niliowakana.

Kichwa kinauma, miguu inalegea. Karatasi inasema ni kawaida mwili unapohama kutoka wanga kwenda mafuta, mtu anywe supu yenye chumvi na aongeze mafuta. Nimemwomba Mama Calvin supu, siagi na nyama. Amekataa! Mkwe wetu Gladys, mke wa Calvin, amejifungua wiki tatu zilizopita na yuko hapa kulelewa uzazi. Nyama ni ya mzazi. Siagi ni ya mzazi. Mlaso, ile damu ya ng'ombe iliyopikwa na maziwa na siagi, hata nisiutaje. Mimi nimepewa yai.

Mtoto ni wa kiume. Anaitwa Aminieli, jina langu. Ana tumbo, lakini yeye hakuna anayemsema.

Jumatano, 16 Juni

Nimegundua jambo! Nilikuwa nyuma ya nyumba nakata majani ya ng'ombe, dirisha la Gladys likafunguka. Kanisalimia shikamoo baba, kwa sauti ya chini, kisha kaniuliza kama ni kweli hapa nyumbani kuna mkate. Maskini, ni mtoto wa mjini, kakulia Shirimatunda. Wiki tatu za siagi na mlaso zimemchosha. Anaota chapati.

Mimi naota mlaso.

Tumeelewana kwa maneno machache. Saa nne na saa kumi bakuli litatoka dirishani, mkate utaingia. Hakuna anayedhurika. Mkate ulikuwa wangu, sasa siuli. Nani aseme huu ni wizi?

Jumamosi, 19 Juni

Mambo safi. Kichwa kimepona, miguu imerudi. Mama Calvin amefurahi kwamba bakuli linarudi limelambwa, ila anashangaa Gladys hanenepi. Kaongeza kipimo. Nami nimeongeza bidii.

Leo nilipokunywa mlaso nikiwa nimechuchumaa chini ya migomba, nimekumbuka mwaka 1975, Calvin alipozaliwa. Nilikuwa naendesha baiskeli kutoka Kwa Sadala, nyama imefungwa kwenye usukani kwa jani la mgomba, napanda mlima bila kushuka hata mara moja. Mama yangu ameketi mlangoni anasuka maziwa kwenye kibuyu, kwa wimbo. Aikaeli yuko ndani nyuma ya pazia, mashavu yanang'aa, anacheka na wifi zake. Chungu kikiisha mama ananiita, ananipa mwiko nirambe. Mwiko tu! Hakuna mwanamume aliyepewa zaidi ya mwiko.

Nimesubiri miaka ishirini na tisa.

Jumatano, 23 Juni

Siku mbaya. Naandika ili niiondoe kifuani.

Mama yake Gladys alikuja kutoka Shirimatunda na akina mama wanne kumsalimia mzazi. Walikuta binti yao shingo imechongoka. Kisha wakaniona mimi nikitoka kihambani, mdomo unang'aa mafuta. Mama yake Gladys akanitazama, akamtazama binti yake, akauliza kwa adabu kabisa:

"Samahani, baba. Hapa kwenu mzazi ni nani?"

Mama Calvin aliinuka, akaenda jikoni. Nilimfuata. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, anajifuta macho kwa pembe ya kanga. Akasema amelea wazazi wanane katika nyumba hii, wake wa shemeji zake na binti zake mwenyewe, na hakuna aliyetoka mwembamba. Akasema sasa Shirimatunda nzima itajua kwamba anamnyima chakula mtoto wa watu. Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira.

Tukasikia sauti ya Gladys chumbani. Anamwambia mama yake kosa ni lake, alikuwa anaumwaga mlaso dirishani. Mama yake akaanza kumkaripia mbele ya wageni. Mtoto akaamka, akalia.

Ningeweza kunyamaza. Nilijifuta mdomo kwanza. Kisha nikasimama mlangoni.

"Hakuumwaga. Nimeula mimi."

Aminieli mdogo alikatisha kilio. Mama mmoja akaziba mdomo kwa kanga, mabega yakaanza kumtikisika, na baada yake wengine wote. Wageni walicheka mpaka wakaegemeana. Mama Calvin hakucheka.

Ijumaa, 25 Juni

Hanisemeshi. Akitaka kuniambia jambo anamwambia ng'ombe, nami namsikiliza ng'ombe.

Asubuhi nilipita kwenye ghala la zamani la chama cha ushirika. Mizani ya kahawa bado iko. Enzi zile, msimu kama huu, ungekuta foleni ya magunia mpaka barabarani, wanawake wamevaa vitenge vipya, watu wanatupiana maneno, harufu ya kahawa mbichi kila mahali. Siku hizi wanunuzi wanakuja na magari yao, na wengi wameng'oa miti. Hapakuwa na mtu. Nikapanda mizani mwenyewe. Nimeongezeka kilo tatu tangu nilipojipima mwezi uliopita. Nikashuka, nikapanda tena taratibu, nikitanguliza mguu wa kushoto. Tatu.

Wakati wa kurudi nimekata jani la isale, lile la kuombea radhi, nikalifunga fundo kama nilivyofundishwa na baba. Nikampelekea Mama Calvin akikamua. Aliliangalia muda mrefu.

"Na siagi ya Jumapili ilikuwa wewe?"

Nikasema ilikuwa mimi.

"Na ule mfupa wenye mafuta?"

Nikasema na mfupa.

Akalipokea jani. Akasema Gladys angemwambia tu, angemwekea mkate pembeni ya mlaso, kwani tatizo liko wapi? Kisha akaniagiza nilete lile koti.

Jumapili, 27 Juni

Amelipasua mgongoni! Kaingiza kipande cha pazia la buluu, upana wa kiganja. Mbele linafunga barabara. Kaniamuru nisigeuke.

Mwaka 1974 tulikuwa kumi na wanne. Leo tumesimama wanne. Nilikuwa sijahesabu mpaka nilipoona tumesimama karibukaribu, kama tunaogopa mapengo. Gidioni kulia kwangu, bila kunisemesha tangu ile siku. Tukaanza. Ubeti wa tatu, palepale ambapo pumzi ilikuwa inamwishia tangu ujana, ikamwishia. Nikaichukua sauti yake bila kuwaza, kama zamani, akapumua, akairudia. Hakunitazama. Lakini kiwiko chake kilinigusa, na mimi macho yakajaa hadi nikakosea noti mbili. Wazee waliofariki wangenicheka. Karibu niwasikie.

Nje ya kanisa Mektrida alinijia. Nikamwamkia kwa heshima. Akasema mbele ya watu kwamba hata angekuwa mchawi, asingepoteza usiku wake kwa tumbo kama langu. Gidioni akacheka wa kwanza. Nikawakaribisha nyumbani. Tumekula machalari sote, Gladys na chapati zake, mtoto mikononi mwa Mama Calvin. Nimekula sahani tatu. Nimeacha ule mpango wa mafuta kabisa. Mtu wa umri wangu aridhike na mwili wake.

Jumatatu, 28 Juni

Mwinjilisti aliyetutembelea jana ananiambia kuna njia nyingine. Supu ya kabichi, siku saba, kabichi tupu. Binamu yake wa Arusha amepungua hadi anatumia mkanda wa mwanawe.

Mama Calvin ana kabichi nyuma ya zizi, anazitunza kwa ajili ya soko la Kwa Sadala. Nimepita kuziangalia. Ni kama mia mbili hivi. Nikichukua za katikati, mtu akisimama pembeni haoni kitu.