Fomu ya Kwaya

Gazeti alilisoma Wembe, kinyozi wetu, kwa sauti ya kutangaza msiba: mkubwa mmoja wa elimu amesikitika kwamba wanafunzi hawajiungi tena na kwaya za shule. Sababu, kasema, ni uvivu na simu.

Kwenye benchi la kinyozi tulikuwa watatu: yeye, Spana fundi pikipiki, na mimi fundi viatu, wananiita Gundi.

"Simu gani?" Spana akauliza. "Mwanangu hana hata chaja."

"Wangu aliingia akatoka," akasema Wembe. "Muhula mzima wimbo mmoja, wa kumkaribisha mgeni. Beti tatu nzima za kushukuru kwa choo kipya."

"Kwani choo kipo?"

"Beti zipo."

"Wangu walimkataa," akasema Spana. "Mwalimu kasema sauti nzuri, soksi mbaya. Eti mgeni anaanza kuona soksi."

"Halafu," akadakia Wembe, "mgeni wa saa tatu anafika saa nane. Watoto wanadondoka juani, mwalimu anawaambia waliobaki wasogee wazibe mapengo."

"Ndiyo maana sisaini," nikasema. Nikawaonyesha fomu ya binti yangu. Ilikuwa chini ya nyundo tangu asubuhi, na mwisho wa kuirudisha ni leo.

"Ah, Gundi!" akasema Spana. "Mtoto anataka kuimba, wewe unambania?"

"Kuimba aimbe. Kupokea wageni, hapana. Siku mama yake amezidiwa, daktari alikuwa kwenye geti la hospitali kapangwa mstari na wenzake, kashika maua, wanamsubiri mkubwa. Mkubwa akapokea maua. Mimi nikapokea maiti."

Wembe akakunja gazeti. Spana akajifuta grisi mikononi. Haikutoka.

Mara binti mwenyewe huyo, na sare yake, anahema.

"Shikamooni."

"Marahaba."

"Baba, fomu. Mwalimu anafunga orodha saa nane."

"Unajua kwaya hiyo inamwimbia nani?"

"Wakubwa."

"Na walichomfanyia mama yako unakijua?"

"Nakijua, baba."

"Sasa unakwenda kuwaimbia ya nini?"

Akatazama viatu vya wateja, kisha akanitazama mimi.

"Kwa sababu kwaya ikianza, baba, wanakaa kimya mpaka tumalize. Hawaongei. Hawaondoki. Mwalimu mkuu mwenyewe hathubutu kukohoa. Mimi sijaona mahali pengine wakubwa wanamsikiliza mtoto."

"Hilo kweli," akasema Spana. "Hata kuangalia saa wanaona haya."

"Na wanapiga makofi," akaongeza Wembe, "hata wakiwa hawajapenda."

Nikasukuma nyundo pembeni. Wembe akanipa kalamu bila kuombwa. Nikaandika jina langu pole pole, herufi moja moja, kama ninavyojua kuandika, nikamkabidhi fomu yake.

Alipogeuka kukimbia nikamwita.

"Abee, baba?"

"Msiharakishe wimbo."