Muziki Usubiri Msimu Wake

"Mgeni aje siku yoyote anayotaka, ashuke stendi, anyamaze kidogo, halafu afuate masikio yake." Maneno hayo yalitamkwa redioni na mama mmoja mpiga tarumbeta, ambaye namwona pale nyuma na chombo chake kwapani kana kwamba kuna aliyemwalika, na leo nimesimama hapa kuyavunjavunja kitaalamu, lakini kwanza itifaki: Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma salamu, Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye yuko njiani, Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati ya Misimu, wakuu wa idara, makaimu wao, na makaimu wa makaimu, wageni wetu watalii wa viti vya mbele, tuliowaleta kwa basi la ofisi, na ninyi wananchi mliosimama juani. (Makofi kutoka meza kuu.)

Ndugu zangu, jiji la muziki lisilo na msimu ni kelele tu. Kwa miaka mingi bendi ya huyu mama ilifanya mazoezi kila alasiri ukumbini kwake, pale ng'ambo ya uwanja huu, madirisha wazi, na mtalii aliyetoka hotelini kutafuta dawa ya kichwa akajikuta anacheza na muuza dawa, bila mwongozaji, bila beji, bila fomu ya tathmini. Je, huo ni utalii? (Sauti kutoka nyuma: "Ndiyo!") Swali hilo halikuhitaji jibu.

Ndipo ofisi yangu, chini ya uongozi wangu na kwa maono yangu, ikabuni Mkakati Jumuishi wa Kubaini Msimu Bora wa Kulizuru Jiji la Muziki, mkakati uliowashirikisha mastekholda wote isipokuwa wanamuziki, kwa kuwa hao wana upendeleo. Kamati ilisafiri nchi za mbali zenye utulivu ili ikafikiri vizuri. Ikarudi na neno moja zito: besilaini, yaani hali ya mwanzo isiyochafuliwa na chochote. Na kwa kuwa kilichokuwa kikichafua takwimu zetu ni muziki wenyewe, niliagiza ukumbi ule utiwe kufuli, madirisha yapigiliwe mbao, na mazoezi yasitishwe mpaka utafiti ukamilike. (Minong'ono.)

(Mama Tarumbeta anapaza sauti: "Mkurugenzi mwanangu, heshima zako umeshapewa na hao wa mezani. Mimi nataka ufunguo. Mpiga ngoma wangu anauza magodoro. Mwimbaji wangu anatangaza bei ya sabuni sokoni. Akiniondokea na huyu wa gitaa, sina bendi tena!" Mwingine anadakia: "Na sabuni yenyewe haitoi povu!" Kicheko kirefu.)

Mama, tulia. Hizo zinaitwa changamoto za mpito.

Sasa matokeo. Wakati wa mvua, wageni waliofika kusikiliza muziki walikuwa sifuri. Wakati wa kiangazi, sifuri. Wakati wa baridi, sifuri, na hapa naipongeza idara ya takwimu kwa uthabiti wa kupigiwa mfano. Kwa maana hiyo, misimu yetu yote imelingana kwa asilimia mia moja, usawa ambao hakuna jiji jingine lililowahi hata kuuota! (Makofi kutoka meza kuu, kaimu mmoja anazinduka na kupiga ya kwake peke yake.) Kutokana na ushahidi huo wa kisayansi, natamka rasmi kwamba mgeni aje siku yoyote anayotaka.

(Sauti: "Si ndivyo alivyosema mama?")

Hapana! Yeye alisema bila utafiti.

Nikisema "Msimu!", mjibu "Mpango!" Msimu! (Dereva wa Mkurugenzi: "Mpango!") Jiji letu! (Dereva: "Mpango!") Asante, inatosha.

Nawashukuru kwa kuja kushuhudia uzinduzi wa Kasri la Muziki lenye viti elfu tano, ambalo ndilo litakalochukua nafasi ya ukumbi ule wa kizamani, na ambalo mnaliona kwenye bango nyuma yangu. Naomba mtu asiliegemee bango hilo, kwa sababu kasri lenyewe ndilo hilo. Ujenzi utaanza pindi Kamati itakapobaini msimu bora wa kujenga.

(Tarumbeta inalia. Muuza magodoro anageuza ndoo na kuanza kuipiga. Umati unaelekea ukumbini. Sauti ya mbao zikibanduliwa madirishani.)

Nani ametoa kibali? Mlinzi, mbona na wewe unabandua? Mama, huo sasa ni uchochezi! Na ninyi wageni wa viti vya mbele, mliokuja kwa basi langu na kunywa maji yangu, mnakwenda wapi? Nawaagiza mrudi mkae. Na hayo makofi mnayompigia yeye, nayataka huku.