Silipi Zaidi ya Bei ya Bango

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Bili ya kwanza ya intaneti imefika. Nimeifungua mwenyewe, kwa kisu, mbele ya mke wangu, ili ashuhudie. Bango la njia panda linasema elfu thelathini kwa mwezi. Tarakimu kubwa kuliko kichwa cha ng'ombe! Bili inasema karibu mara mbili yake. Nikaipitia kwa kidole. Kusoma nasoma, ila sipendi kuharakishwa. Kuna kodi. Kuna ada ya kuunganisha. Kuna kukodi kifaa. Kuna "siku za awali". Hata mchwa hawali hivyo.

Mke wangu akasema nilipe tu, yaishe. Kitinda mimba wetu yuko ng'ambo, amejifungua wiki iliyopita, na Jumapili saa kumi atatuonyesha mtoto kwenye ile simu kubwa aliyotuachia. Haina laini, inakula intaneti ya nyumbani tu. Mjukuu wetu wa kwanza! Intaneti yenyewe tuliiweka kwa ajili hiyo. Na bili inasema mwisho wa kulipa ni Ijumaa, la sivyo wanakata.

Nimemwambia atulie. Mjukuu atamwona, na sitatoa hata senti moja juu ya bango. Nusu ya nyumba za mtaa huu nimezijenga mimi. Mtu mzima hatishiwi nyau.

Tatizo ni Miwani, jirani yangu, karani mstaafu. Siku nilipoweka intaneti nilitangaza kwa kinyozi, mbele ya watu, kwamba bei ni ya bango, kwisha maneno. Yeye intaneti anayo miaka mingi. Akanijibu: Fundi, subiri bili. Leo ameniuliza dirishani kama imefika. Nimesema bado.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Nimekwenda ofisi ya kampuni. Nilivaa koti. Mama wa kaunta akaniita mzee wangu, akanipa kiti, akanieleza taratibu kama anayelisha mgonjwa. Ati bei ya bango ni ya huduma tupu. Ada ya kuunganisha hulipwa mara moja, mwezi ujao haimo. Siku za awali ni zile tulizotumia kabla mwezi wao haujaanza. Kodi si yao, ni ya serikali. Wao wanaipokea na kuipeleka. Na kile kisanduku chenye taa pale sebuleni si changu. Ni chao, nimekodi.

Nikamwuliza mbona bango halisemi. Akanionyesha bango lililo ukutani kwao, chini kabisa: "kodi na ada hazimo". Maandishi kama mayai ya chawa! Kuyasoma lazima mtu alale kifudifudi barabarani.

Hata hivyo nimerudi nimefurahi. Mtu akikuonyesha ukuta wake, amekuonyesha na nyufa. Nimeona nyufa tatu.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Ufa wa kwanza: kodi. Kama ni ya serikali, nitaipeleka mwenyewe. Kwa nini mtu anibebee pesa, mimi nina miguu? Wakiila njiani je?

Nikaenda ofisi ya kodi na pesa zangu kwenye soksi. Foleni asubuhi nzima. Afisa mwenye tai akaniuliza nina biashara gani. Nikasema nilikuwa mwashi, sasa sina biashara, nina intaneti. Akasema kodi hiyo hukusanywa na kampuni, wao hawaipokei mkononi mwa mteja. Nikamwambia serikali inayokataa pesa sijapata kuiona tangu nizaliwe. Watu nyuma yangu wakacheka. Waliniunga mkono.

Kisha yule afisa akaniuliza, kwa adabu kabisa, miaka yote ya uashi nilikuwa nalipa kodi ofisi gani. Nikakumbuka nimeacha birika jikoni. Nikaondoka.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Ufa wa pili. Dawa ya moto ni moto: nimewaandikia bili yao! Ukurasa mzima, kwa penseli ya kupimia mbao. Fundi wao wa waya alipanda ngazi yangu: kukodi ngazi. Waya umelala ukutani kwangu usiku na mchana: pango la ukuta. Alikunywa chai, akaongeza: huduma. Nilisimama chini nikamwelekeza pa kutoboa: ada ya ushauri wa kitaalamu. Jumla ikazidi yao. Juu yake nikaweka na kodi, ili bili ionekane ya heshima.

Mke wangu akaisoma, akacheka mpaka akakaa chini. Akasema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Ati enzi za uashi ni mimi niliyekuwa napatana bei na watu, halafu naongeza pesa ya kuosha chepe, pesa ya kupanda juu, pesa ya jua kali. Nimemwambia jua lilikuwa kali kweli.

Mama wa kaunta ameisoma mara mbili, akaita wenzake. Wakaja wote, hadi wa ghorofa ya juu. Si kila bili inapata heshima hiyo. Akaniuliza kama nimesajiliwa kutoza hiyo kodi. Nami nikamwuliza: fundi wenu chai alikunywa au hakunywa? Akakiri alikunywa. Hawakulipa.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Ufa wa tatu ndio mkubwa. Kisanduku! Nimekichomoa, nimekifuta vumbi, nimekifunga kwenye taulo, nimewarudishia. Sikodi kitu cha mtu.

Mama wa kaunta akasema, mzee wangu, bila hicho intaneti hutaiona. Nikamwambia, binti yangu, intaneti inapita kwenye waya kama maji kwenye bomba. Hizo taa ni za kupamba, na taa mimi ninazo. Akarudia. Akamwita mkubwa wake, naye akarudia. Nikakomaa. Wakanipa risiti ya kurudisha kifaa. Nikaweka elfu thelathini mezani, ya bango, wakaona! Mama wa kaunta alisema kitu kuhusu deni lililobaki, lakini nilishafika mlangoni.

Kwa kinyozi nimetangaza ushindi. Kinyozi alisimamisha mkasi. Miwani akafuta miwani yake, akasema hongera Fundi, utatuambia jioni.

Jioni simu haikuona kitu. Nikaibandika ncha ya waya nyuma ya simu kwa plasta. Bado. Nikageuza. Nikabandika upande wa kioo. Mke wangu alikuwa ananitazama tu. Afadhali angesema.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Ofisi imefungwa hadi Jumatatu! Niligonga. Mlinzi akasema, mzee, hata ugonge kwa nyundo, ndani ni viti tu.

Mke wangu amefua kitambaa chake kipya cha kichwa, amekipiga pasi. Ameketi na simu mapajani kama mtoto aliyelala. Nimemwambia asijali, nina mpango.

Sina mpango.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Saa tisa na nusu mke wangu akajifunga kitambaa, akachukua simu, akatoka. Hakuaga. Nikachungulia. Kwa Miwani! Nikaapa siendi. Mwanamume wa kazi haombi intaneti kama chumvi. Nikakaa kitini, uso ukutani.

Ukuta huo ndio mpaka wetu na Miwani. Niliujenga mimi. Nimeusifu miaka yote, kwamba hata risasi haipiti. Leo nimegundua sauti inapita. Nikamsikia mke wangu anacheka. Nikamsikia kitinda mimba anauliza baba yuko wapi. Mke wangu akajibu ati baba ana kazi.

Kisha kitoto kikapiga chafya.

Sijui nilifikaje mlangoni. Miwani akafungua, akasema karibu Fundi, kiingilio ni bure, kodi na ada hazimo. Nikaingia. Akaniachia kiti chake mwenyewe, cha mbele, karibu na mke wangu.

Mjukuu ana paji langu la uso! Pana, la watu wenye akili. Amenitazama, akapiga miayo. Kitinda mimba akauliza mbona baba analia. Nikamwambia sebule ya huyu Miwani ina vumbi.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Nimelipa yote. Juu yake wakaweka na ada ya kurudishiwa huduma. Nimelipa na hiyo. Mama wa kaunta akatoa kisanduku chini ya meza yake, bado kimo kwenye taulo langu. Hakuthubutu kumkodishia mtu mwingine. Ndivyo wanavyonihofia.

Intaneti imerudi. Mke wangu naye anasema nami: amesema nivue viatu nje. Kitinda mimba atapiga tena Jumapili.

Chini ya mlango nimekuta bili ya maji. Nikaipitia kwa kidole. Maji, sawa, tumeyanywa. Lakini kuna kitu kinaitwa "ada ya mita". Mita! Kidude cha kuhesabu tu! Maji yalikuwepo duniani kabla hayajaanza kuhesabiwa. Kesho alfajiri naing'oa, nawapelekea ofisini kwao. Taulo ninalo.

Spana siioni. Mke wangu anasema hajui ilipo, lakini amekalia kitu na hataki kuinuka. Haidhuru. Miwani anayo. Nitaiazima.